Mkono Wangu na Chai ya Meshaki

Kwanza tuelewane. Mimi Andongwisye sijawahi kunywa pombe. Si kimpumu, si bia, si ile ya ndizi inayouzwa nyuma ya soko hapa Kiwira. Nayasema mapema kwa sababu nawajua watu wa huku, ukiwaambia mkono wako unatetemeka wanaanza kukonyezana. Haya, konyezaneni. Kilichokuwa kinanitetemesha nilikinywa mbele ya watu wote, asubuhi kweupe, na mwanangu wa kumzaa ndiye aliyehakikisha kikombe hakipungui.

Kazi yangu ni kuandika mabango. Niliisomea kwa vitendo kule Mbeya mjini, nikarudi nyumbani nikiwa na brashi nne na kopo la tapentaini, na tangu hapo kila herufi iliyosimama kando ya barabara hii, kuanzia Kiwira mpaka unaingia Tukuyu, ilipita mkononi mwangu. Situmii rula. Sichori kwanza kwa penseli. Naliangalia bao, navuta pumzi, naanza. Fundi wa kweli anajulikana kwa herufi S, kwa sababu S haina mahali pa kujificha, mkono ukicheza kidogo tu kila mpita njia anaona. S zangu zilikuwa zinasimama kama mtu aliyeshiba.

Miaka ya nyuma kazi haikuwa nyingi. Duka la kijiji, ofisi ya kata, ukuta wa shule, basi. Halafu ikaja ruksa, serikali ikaachia biashara. Loo! Kila mwenye magunia mawili ya chumvi akafungua duka, na kila mwenye duka akataka bango. Hoteli, saluni, mashine ya kusaga, duka la dawa baridi. Watu waliokuwa hawanisalimii wakaanza kuniita fundi. Nikajenga kibanda pembeni mwa stendi, jirani na Jairo, fundi baiskeli, ambaye ni rafiki yangu tangu utotoni na mdomo wake hauna breki.

Meshaki ndiye mwanangu pekee aliyebaki nyumbani. Alipomaliza darasa la saba nikamchukua kazini. Alibeba ngazi, akapiga msasa, akapaka rangi ya chini. Herufi sikumwachia. Kila alipoomba nilimwambia, "Mkono wako bado mbichi." Kusema kweli, nilimwambia hivyo miaka kumi na miwili. Jairo alikuwa ananisema, "Andongwisye, huyo si kijana tena, ana mke na mtoto." Mimi namjibu, "Wewe shika baiskeli zako, mabango ni yangu." Sifichi. Nilimbana. Lakini subirini mwisho ndipo mnihukumu.

Mkono ulianza kucheza mwaka wa tisini na tatu, kwenye bango la saluni. Nilifika kwenye S nikaona brashi inakwenda upande isikotumwa. Nikafuta, nikaandika, nikafuta. Mwenye saluni akasema hapana neno, ila nikamwona anautazama mdomo wangu kama anayenusa. Baada ya mwezi, nikishika kikombe chai inamwagika kwenye sahani. Nikiweka mkono mapajani unatulia, nikiunyoosha kufanya kazi unaanza ngoma yake.

Hapo lazima niwaambie habari za chai. Miaka ya foleni, chai yetu ilikuwa maji ya moto yaliyopita karibu na majani. Sukari ulipanga mstari tangu alfajiri, na ukifika dirishani unaambiwa imekwisha. Maduka yalipojaa, nikasema sasa nami nijilipe. Chai ya rangi, nyeusi hata chini ya kikombe huoni, vikombe sita au saba kwa siku. Na sisi ni watu wa chai! Milima yote hii ya Kyimo hadi Tukuyu ni chai, watoto wetu wamesomeshwa kwa chai. Nani angefikiria kuishuku? Ni sawa na kumshuku mama yako.

Nikaenda zahanati. Meshaki akanisindikiza. Nesi aliyekuwapo aliitwa Modesta, mtu wa Bukoba aliyehamishiwa huku, mwenye kusema harakaharaka lakini ana moyo. Akaninyoosha mikono yote miwili. Akaniambia niandike jina langu, kisha nichore mzunguko kama gamba la konokono. Akauliza maswali ambayo sikuyategemea: nakula nini, nakula saa ngapi, nakunywa nini, mkono unazidi kabla ya kula au baada ya kula, baba yangu alikuwa hivyo? Nikamwambia ndiyo, marehemu baba alimaliza uzee wake akimwaga maziwa. Akasema, "Njoo wiki ijayo, mzee. Daktari atakuwa amepita, nitazungumza naye kisha nikupe maelezo."

Wiki iliyofuata nilikuwa na bango la kurekebisha Kyimo. Meshaki akasema, "Tata, wewe nenda kazini. Majibu nitachukua mimi." Nikamwambia ndaga, mwanangu. Nilimshukuru kabisa, kwa mdomo wangu huu.

Jioni akarudi, akakaa kwenye kigoda, akakunja uso. "Tata, wamesema ni mishipa. Imechoka. Hakuna dawa." Nikauliza, hakuna hata la kufanya? Akafikiri kidogo. "Nesi anasema chai uendelee nayo, iwe kali, inaamsha mishipa. Na asubuhi usile mpaka saa nne. Ukila, damu inakwenda tumboni, mkono unabaki bila nguvu."

Nikaamini. Mnacheka? Na wewe ungeamini. Mtoto wako wa damu akitoka hospitali na majibu, utampekua mdomo kama unanunua ng'ombe? Tena maneno yenyewe yalikuwa na sura ya ukweli. Damu kwenda tumboni, mtu akishiba si anasinzia? Basi nikaona nesi ana akili sana.

Agizo likapelekwa kwa mke wa Meshaki, Tulia. Na hapa mgeni asiyezijua mila zetu atashangaa, kwa hiyo nieleze. Kwetu mke wa mwana haonani na baba mkwe. Hasemi naye, hamtazami usoni, jina lake halitaji. Wakikutana njiani mwanamke anaingia migombani mpaka mzee apite. Mjini Tukuyu wengi wameacha, wanakaa sebule moja wanacheka. Nyumbani kwangu hatujaacha. Tulia anakaa nyumba ya juu, mimi ya chini. Miaka sita alinipikia kila siku na sijui meno yake yakoje. Anaweka chakula kizingitini, anakohoa mara moja, anaondoka. Neno lolote kati yetu lilipita kwa Meshaki, kwa kuwa mke wangu alishafariki. Maneno yote ya nyumba yalikuwa yanapita mlango mmoja, na mlango huo ni Meshaki.

Basi kuanzia siku ile, kila alfajiri nasikia kikohozi, natoka, naikuta chupa ya chai. Hakuna ndizi, hakuna kiazi, hakuna gimbi. Chai tupu, chungu ya kukwaruza ulimi. Nanywa vikombe vitatu, natembea na njaa mpaka stendi, nashika brashi. Na mkono ukazidi! Wiki kwa wiki ukazidi. Nami nikiona umezidi nafanya nini? Naongeza kikombe.

Akaja mwenye basi jipya kutoka Tukuyu. Katika maisha yangu sikuwahi kupata kazi kama ile. Jina la basi mbele kwenye paji, na mbavu zote mbili. Stendi nzima ikakusanyika. Nikapanda ngazi asubuhi ile, tumboni nina chai tu, na jasho likanitoka kabla sijachovya brashi. Herufi ya kwanza ikaanguka kulia. Ya pili ikawa kama imeandikwa na kuku. Kondakta mmoja akapiga kelele, "Mzee, jana ulilala kilabuni?" Watu wakacheka. Nikatazama chini, nikamwona Meshaki ameshika ngazi. Yeye hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa, nami nikadhani ni aibu ya mtoto kwa ajili ya baba yake. Nikamhurumia. Mimi nilimhurumia yeye!

Nikashuka. Nikampa brashi mbele ya watu wote nikasema, "Kuanzia leo fundi ni huyu." Akapanda. Akaandika. Na aliandika vizuri, msinichoke, vizuri sana. S yake ilikuwa S yangu. Nikaenda nyuma ya kibanda cha Jairo nikalia kama mtoto aliyenyang'anywa chakula.

Bango la kibanda likabadilishwa, likawa la Meshaki. Mimi nikawa wa kupiga msasa. Nilipaka rangi ya chini, nilibeba makopo, na wateja walipoulizia fundi nilionyesha kwa kidole kinachotetemeka. Na Meshaki, nyie acheni tu, alikuwa mwema! Kila Jumamosi aliniletea pakiti ya chai. Akaninunulia chupa mpya ya chai, nyekundu, yenye maua. Nilimsifu mpaka kanisani. Nilisimama nikasema Mungu amenipa mtoto anayejua baba yake anapenda nini.

Kikulacho ki nguoni mwako. Waliosema hivyo hawakukosea.

Karibu mwaka ukapita. Siku moja Tulia akampeleka mtoto kupimwa uzito. Haya nimekuja kuyajua baadaye. Modesta akamuuliza, "Mkweo anaendeleaje? Chai kali ameacha? Asubuhi anakula vizuri kama nilivyomwambia mumeo?" Tulia akachukua kadi ya mtoto, akaondoka. Yeye ndiye aliyekuwa anaichemsha ile chai. Ameichemsha kwa mkono wake, kwa heshima, akiamini ananitibu.

Sasa afanyeje? Kuniambia hawezi, ni mwiko. Kumtuma mtu, atamtuma nani aende kwa baba mkwe kumsema mume? Na mlango wa maneno ni mmoja, nao ndio uliooza. Siku mbili alihangaika. Siku ya tatu akatumia akili ambayo mimi, na mvi zangu zote, nisingekuwa nayo. Mwiko wetu unakataza sauti na unakataza macho. Kuandika haukukutaja, kwa sababu wazee walioweka mwiko hawakujua kuandika.

Alfajiri nikasikia kikohozi. Natoka, chupa ya chai haipo. Kuna sufuria ya ndizi za kuchemsha na maharage, kikombe cha maziwa, na pembeni kimeegemezwa kipande cha bao kutoka kwenye mabaki yangu mwenyewe. Kimeandikwa kwa mkaa, herufi zimepinda, nyingine kubwa nyingine ndogo:

BABA NESI ALISEMA UACHE CHAI KALI. ULE ASUBUHI. MESHAKI ALIJUA.

Nimeandika mabango maisha yangu yote. Hilo ndilo bango la kwanza lililonikalisha chini.

Sikwenda kazini. Nilikwenda zahanati moja kwa moja, nikamkuta Modesta anafungua mlango. Nikamwambia, nataka unieleze mimi mwenyewe, kwa masikio yangu. Akashangaa. "Mzee, nilimweleza kijana wako nikarudia mara mbili. Nikamwandikia na karatasi." Karatasi! Akanikalisha, akanieleza upya. Kwamba huo si uchawi, si pombe, wala si ulemavu wa akili. Kwamba kutetemeka kwa namna hiyo mara nyingi ni kwa ukoo, ugonjwa wenyewe hauponi kabisa, lakini kuna vitu vinavyouchochea: chai kali, kahawa, uchovu, na tumbo tupu. "Kula mapema, kula kidogo kidogo mara nyingi, kunywa maji. Chai punguza taratibu mpaka uiache. Wengine wanapata nafuu kubwa, wengine ndogo. Nawe jaribu uone." Kisha akaongeza, "Hata kijana nilimwambia ajiangalie, kwa kuwa jambo hili linafuata damu."

Punguza taratibu, kasema. Mimi nina hasira, niliacha siku hiyohiyo. Siku nne kichwa kiligonga kama karakana, nikawa nawagombeza mpaka kuku. Siku ya tano kikaacha. Nikala ndizi alfajiri, nikala kiazi saa nne, nikala tena mchana. Baada ya wiki tatu nikakaa peke yangu nyuma ya nyumba, nikachukua kipande cha bao na brashi kuukuu, nikavuta pumzi, nikaandika S.

Haikuwa S ya ujanani. Ilikuwa na tetemo dogo mkiani, ambalo mimi nililiona na mwingine asingeliona. Lakini ilisimama. Nikaandika ya pili, ya tatu, nikajaza bao zima nikilia na kutukana.

Nikachukua kile kipande cha Tulia, nikaandika chini ya maneno yake, kwa rangi ya mafuta, herufi zangu nzuri kabisa: NIMESOMA. NDAGA, MKWE. Nikakiegemeza kizingitini na sufuria tupu kando yake. Kesho yake sufuria ilirudi imejaa na bao halikuwapo. Nasikia analo mpaka leo ndani ya sanduku lake la nguo.

Ndipo nikamwendea Meshaki kibandani. Sikungoja awe peke yake. Jairo alikuwapo na gurudumu mkononi. Nikamwambia, "Modesta alikwambia nini kuhusu mkono wangu?" Akapauka. Kopo likamtoka likamwagika. "Tata... alisema mambo mengi. Alisema chai, alisema kula asubuhi, anaongea haraka yule. Nilichanganya. Naapa, Tata, nilichanganya."

"Na karatasi?"

"Ilipotea njiani. Mvua ilinyesha."

Nikamtazama. Nilitaka kumpiga, nikaogopa mkono utatetemeka akauona. Kisha kwa sauti ya chini akauliza, "Tata, ungeniachia lini?"

Jairo akaacha kugonga gurudumu. Mimi nikageuka nikaondoka.

Wakaja wazee wa kanisa. Walikaa kwangu mchana kutwa. Kijana amechanganya, mzee. Maneno ya hospitali ni magumu, mzee. Si ulisimama mwenyewe kanisani ukamsifu? Na mimi, niseme ukweli, nilitaka kuamini. Mtu anapozama hachagui kamba. Kuwa na mtoto aliyechanganya kunavumilika. Kuwa na mtoto aliyejua, hapana. Nikasema basi, amechanganya. Nikamsamehe. Tukala pamoja Jumapili hiyo. Tukagawana kazi, yeye mabasi, mimi mabango, na bango la kibanda likaandikwa majina mawili. Nililiandika mimi.

Miaka miwili tukaenda hivyo. Nilikuwa nimeanza hata kumcheka kwa utani, nawaambia watu, "Mpe huyu ujumbe wa kupeleka Tukuyu, utafika Malawi." Naye anacheka. Nikasema moyoni, Mungu ni mkubwa, yamepita.

Masika haya yaliyopita, asubuhi moja ya ukungu, saa moja hivi, nilifika stendi mapema kuliko kawaida. Pale karibu na Jairo kuna mama anauza chai. Meshaki alikuwa kwenye benchi amenipa mgongo, basi la kuandikwa linamngoja. Mama akamletea kikombe kama anavyowaletea mafundi wote. Meshaki akakichukua, akakifudikiza juu ya sahani, akasema, "Hapana mama, chai niliacha. Nipe maji tu." Kisha akatoa mfukoni mfuko wa nailoni, ndani mna ndizi za kuchemsha. Akaanza kula polepole, moja, halafu ya pili. Mkono wa kulia alikuwa ameufinya katikati ya magoti.

Jairo akaniona nimesimama. Akasema kwa kunong'ona, "Ameanza kutetemeka tangu Krismasi. Hataki ujue."

Nilimtazama mwanangu akila. Alikula mapema, kabla ya kazi. Alikula kidogo, akafunga mfuko, akabakiza za saa nne. Akanywa maji, na habari ya maji mimi sikuwahi kumwambia mtu. Hakuwa amekwenda kwa Modesta, Modesta alishahamishwa mwaka uliotangulia. Hakuwa ameniuliza mimi. Kila neno la nesi alikuwa nalo kichwani kwa mpangilio wake, kama lilivyoandikwa kwenye ile karatasi iliyolowa mvua.

Hakuchanganya hata moja.